Alama za vidole mwilini mwa mtoto: kabla hujamtaja mtu, hesabu siku nyuma

Jumanne usiku, nikimwogesha kitinda mimba wangu wa miaka mitatu, niliona vidole. Vinne upande wa kushoto wa mgongo, vitatu upande wa kulia, vyeusi kuliko ngozi yake, na juu ya viwili kati yake palikuwa na malengelenge madogo ya maji. Kidevuni alikuwa na doa jengine, na kutoka hapo mstari mwembamba ulishuka mpaka kifuani. Maji yalipomgusa alilia, akasema, "Mama, yachoma."

Nilimwita mavyaa wangu. Aliweka mkono wake juu ya zile alama, kidole kwa kidole, kisha akanitazama. "Mwanangu, huyu kapigwa. Ama kachomwa."

Hakuna aliyetaja jina, na hapakuwa na haja. Mimi nikiwa kazini, mtoto alikuwa akishinda na mtu mmoja tu: binti wa miaka ishirini, kwao upande wa Ganze, ambaye tulikuwa tumekaa naye mwaka na zaidi bila neno.

Nilimuuliza, akakataa. Nikamuuliza tena kwa sauti ambayo leo sipendi kuikumbuka. Akalia, nami nikakichukua kilio chake kuwa ni kukiri. Jumatano alfajiri alipanda matatu kurudi kwao na mfuko wake mmoja. Kufikia alasiri, baraza zote za kichochoro chetu zilikuwa zimeshapata habari kwamba msichana wa fulani hupiga watoto.

Ndugu msomaji, naandika haya kwa sababu tulikosea, na kwa sababu kosa lenyewe ni jepesi kufanyika katika nyumba yoyote ya Pwani. Mimi si daktari. Nina stashahada yangu ya uandishi na watoto wanne. Haya nitakayoeleza nimeyapata kwa tabibu aliyetutoa kizani, na kwa kusoma na kuuliza baadaye.

Kila mtu na dawa yake

Siku zile tatu nyumba ilijaa wajuzi. Jirani mmoja alisema ni mkanda wa jeshi. Mwengine alisema mtoto ana jicho, kwa kuwa ni mweupe wa tabia na kila mtu humsifu. Wa tatu alisema ni minyoo, kwani kwetu kila doa la mtoto huanzia kwenye minyoo. Muuza dawa, bila kumuona mtoto, alitupa tyubu ya krimu "ya kila kitu".

Mavyaa wangu naye, kwa mapenzi yake, alikata ndimu, akaichovya chumvini na kumsugua mtoto mgongoni ili ikate sumu. Hiyo ilikuwa Jumatano asubuhi. Mtoto akatoka kucheza uani kama kawaida.

Ijumaa alama mpya zikatoka. Hizi hazikuwa na umbo la vidole. Zilikuwa pana, za kupakazwa, na moja ilikuwa begani ambako mwanzo hapakuwa na kitu. Hapo ndipo nilipokaa kitako. Binti alikuwa Ganze tangu Jumatano. Mkono niliouhukumu uko mbali, na alama zazidi kutoka. Basi ni nani anayempiga mtoto wangu?

Swali ambalo hatukuliuliza

Jumamosi nilimpeleka kwa tabibu. Alimvua nguo zote, akamwangalia kichwa mpaka nyayo, kinywani na katikati ya vidole. Kisha akaniuliza alama zilionekana lini. Nikamwambia Jumanne usiku.

"Na Jumatatu?"

Nikakumbuka kwamba Jumatatu usiku mtoto alikataa kulala chali, nami nikadhani ni joto.

"Basi tuhesabu nyuma. Jumapili mlifanya nini?"

Jumapili tulikamua ndimu. Ramadhani ilikuwa imekaribia, na sisi huweka maji ya ndimu ya futari mapema na kutia achari. Gunia zima lilimwagwa uani. Tulikaa mkekani wanawake wanne, binti akiwa mmoja wetu, kuanzia saa tano mpaka baada ya adhuhuri, jua la kaskazi likiwaka. Mtoto alikuwa akizunguka na suruali fupi tu, ananyonya kipande cha ndimu na maji yakimchuruzika kidevuni. Mara akakimbilia jikoni kwenye mkaa, ambako palikuwa na sufuria ya maji yanayotokota kwa ajili ya kuchemshia chupa. Binti akaruka, akamnyanyua kwa mikono yote miwili, mikono inayotiririka ndimu mpaka viwikoni, akamweka upande wa pili wa ua. Sote tuliona. Sote tulimshukuru Mungu kwa sauti, kisha tukaendelea kukamua. Mtoto akabaki juani.

Tabibu akaniomba mikono yangu. Juu ya mkono wa kulia, kati ya kidole gumba na cha shahada, nilikuwa na baka jeusi. Nilikuwa nimeliona, nikadhani ni mvuke wa sufuria.

"Ndimu na jua," akasema.

Vile vidole mgongoni mwa mwanangu vilikuwa vya binti kweli. Ni mkono uliomuokoa asiungue.

Ndimu hufanya nini ngozini

Ganda la ndimu lina kemikali ziitwazo furokumarini. Mti huzitengeneza kujikinga na kuvu na wadudu. Zimo kwenye maji ya ndimu pia, lakini kwenye ganda ndimo zilimojaa, na ndiyo maana kukamua kwa mkono, ganda likibanwa na mafuta yake kuruka, huzimwaga nyingi zaidi kuliko kukata kipande na kukitia kwenye mchuzi.

Kivulini kemikali hizi hukaa ngozini bila neno. Jua likizipiga, zile fungu za miale ambazo macho hayazioni huziamsha, nazo hushambulia seli za ngozi na kuziua. Miale hiyo hupita mawinguni na hata kwenye kioo cha dirisha, kwa hivyo siku ya mawingu si kinga. Yanayofuata ni kuungua hasa, kama kwa moto. Madaktari huita hali hii fitofotodematitisi, jina refu lenye maana ya uvimbe wa ngozi unaoletwa na mmea pamoja na mwanga.

Mambo manne hulifanya tatizo hili liwapoteze watu.

La kwanza ni kuchelewa. Maumivu huanza baada ya kama saa 24, na hufikia kilele baina ya saa 48 na 72. Kufikia hapo hakuna anayekumbuka ndimu. Mtu hutafuta sababu katika siku aliyoiona alama, na siku hiyo haina hatia.

La pili ni umbo. Ngozi huungua pale tu ndimu ilipogusa. Ikidondoka huacha matone, ikichuruzika huacha mistari, na ikiletwa na mkono wa mtu huacha vidole. Kwa mtu asiyejua, alama kama hizi ni za kofi, fimbo au pasi. Si sisi wa kwanza kudanganyika. Hali hii inajulikana miongoni mwa madaktari kuwa moja ya zinazodhaniwa kuwa ni mtoto kupigwa.

La tatu ni rangi. Kwa ngozi nyeupe kwanza huonekana wekundu. Kwa ngozi zetu wekundu haujitokezi sana, na mara nyingi jambo la kwanza kuonekana ni weusi wenyewe, ambao waweza kukaa wiki kadhaa hadi miezi.

La nne ni dhana ya kwamba kitu kinachodhuru lazima kiwashe na kiwe mzio. Huu si mzio. Yeyote anayepata ndimu ya kutosha na jua la kutosha ataungua, hata kama amekula ndimu maisha yake yote. Tena haiwashi sana, huchoma. Mwanangu alikuwa ameshaniambia: "Yachoma."

Na ile tiba ya Jumatano? Ndimu na chumvi juu ya ngozi iliyoungua kwa ndimu, kisha mtoto akapelekwa tena juani. Alama za Ijumaa zilikuwa kazi ya mikono yetu wenyewe, na kuhesabu siku kulituonyesha hivyo: Jumatano hadi Ijumaa, siku mbili, kama ilivyokuwa Jumapili hadi Jumanne.

Si kila doa ni ndimu

Msomaji asije akaondoka hapa akaisingizia ndimu kila kitu. Lililobaki kwangu ni njia ya tabibu ya kuuliza. Maswali yake yalikuwa matano, na kila moja hupunguza orodha.

*Umbo lake ni lipi?* Pete yenye ukingo ulioinuka na katikati panapopona ni choa mara nyingi, na choa chaweza kutoka kwa mtoto mwengine au kwa kipaka anayelala naye. Mstari, tone au umbo la kitu huonyesha kwamba ngozi iliguswa na kitu kutoka nje. Kuna ndimu, kuna piko ya sikukuu, ambayo hutiwa kemikali ya rangi ya nywele na kwa wengine huinua malengelenge kwa umbo lile lile la ua lililochorwa, kuna mafuta ya ganda la korosho, ambayo huunguza hata bila jua, na watu wa Kilifi wanaochoma korosho wanayajua vizuri. Kuna pia kile kijidudu chekundu na cheusi cha msimu wa mvua kiitwacho nzi wa Nairobi. Hakiumi. Ukikiponda juu ya ngozi, maji yake huacha mstari wa kuungua unaotokea siku ya pili.

*Yako wapi, na wapi hayapo?* Vipele vya mikono na miguu tu, sehemu zinazobaki nje ya nguo, hunielekeza kwenye mbu na kunguni. Vipele vidogo vya shingoni na kwenye mikunjo wakati wa joto ni harara. Madoa mepesi ya kufifia mashavuni mwa mtoto wa shule, yenye ukavu kidogo, ni hali ya kawaida ya ngozi kavu ambayo jua huifanya ionekane zaidi. Hayaletwi na minyoo, na dawa ya minyoo haiyaondoi. Na mabaka ya rangi ya samawati iliyoiva juu ya makalio ya mtoto mchanga mara nyingi amezaliwa nayo. Hayaumi, na hufifia yenyewe kadiri anavyokua. Nimesikia akina mama wakisemwa kwa ajili ya mabaka hayo.

*Yalianza lini, na kabla yake kulitokea nini?* Hili nimeshalieleza. Hesabu nyuma siku tatu, uandike kila kitu: chakula, sabuni mpya, mafuta, dawa, safari, mchezo, jua.

*Yanawasha, yanachoma, au hayasikii?* Kuwashwa kunakozidi usiku, pamoja na vipele kati ya vidole na viganjani, huashiria upele. Kuchoma huashiria kuungua. Baka lililopauka ambalo mtoto hasikii ukimgusa kwa pamba akiwa amefumba macho lipelekwe hospitali bila kuchelewa, kwani kutosikia ni dalili ya ukoma. Ukoma haujatoweka Kenya, na Pwani yetu ni miongoni mwa maeneo ambako bado huonekana. Dawa zake hutolewa bure, hunywewa kwa miezi 6 hadi 12, na mtoto akitibiwa mapema hapati ulemavu.

*Nani mwengine nyumbani anayo?* Upele huingia nyumba nzima, na mtu aliyeambukizwa mara ya kwanza huanza kuwashwa baada ya wiki 4 hadi 6. Ndiyo maana hutibiwa wote siku moja, hata wasiojikuna. Kwetu sisi, swali hili ndilo lililotoa jibu, kwa kuwa mkono wangu mwenyewe ulikuwa na alama.

Kuhusu ile tyubu ya "kila kitu", tabibu aliisoma akaiweka kando. Krimu nyingi za namna hiyo zina dawa ya kutuliza uvimbe iliyochanganywa na nyengine mbili tatu. Juu ya choa, wekundu na muwasho hupungua, mama akafurahi, na kuvu ikaendelea kutambaa chini kwa chini mpaka ikapoteza umbo lake la pete. Tabibu anayekuja baadaye hushindwa kuitambua. Juu ya ngozi laini ya mtoto, krimu kali ikitumiwa kwa muda mrefu huichuja ngozi na kuingia mwilini. Mpeleke mtoto kwanza, krimu ifuate.

Yasiyongoja kesho

Yako madoa ambayo hayana nafasi ya maswali. Chukua gilasi ya kioo inayopenyeza, ibane juu ya doa. Mengi hufifia ukibana. Kama madoa mekundu au ya zambarau hayafifii, na mtoto ana homa, amelegea, shingo imekaza au anatapika, mkimbize hospitali usiku huo huo. Yaweza kuwa maambukizi ya damu au ya utando wa ubongo. Hata bila homa, madoa yasiyofifia pamoja na kutoka damu puani au kwenye fizi yanahitaji kipimo cha damu siku hiyo. Kwa ngozi nyeusi angalia viganja, nyayo, ndani ya kinywa na ndani ya kope, kwani hapo huonekana vizuri.

Vivyo hivyo vipele vinavyoanza usoni na nyuma ya masikio vikishuka mwilini, pamoja na homa, kikohozi na macho mekundu. Hiyo ni dalili ya shurua, nayo huua. Tazama kitabu cha kliniki kama mtoto alipata chanjo ya miezi 9 na ya miezi 18.

Wala sisemi kwamba watoto hawapigwi. Wapo wanaopigwa, na wengine hupigwa na wenye nyumba, si na wasichana wa kazi. Alama za kuvilia damu kwa mtoto ambaye hajaanza hata kutambaa, alama masikioni au makalioni, alama za zamani pamoja na mpya, na maelezo yanayobadilika kila yakiulizwa, hayo yasinyamaziwe. Mpeleke kwa tabibu ayaandike, na unaweza kupiga simu bure nambari 116 ya kuwasaidia watoto. Lakini hata hapo tabibu aanze, kisha mashtaka. Dini yetu imetuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kumdhuru mtu kwa kutojua, na habari inayoletwa na macho yetu wenyewe nayo ni habari.

Tiba na kinga

Tiba yake yenyewe ilikuwa nyepesi. Kumwosha kwa sabuni na maji, kitambaa cha maji baridi, dawa ya maumivu ya mtoto kwa kipimo chake, malengelenge yasitumbuliwe, na jua lisimpige mahali hapo mpaka papone. Weusi uachwe uondoke wenyewe. Usipake krimu ya kung'arisha, maana utaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Malengelenge yakiwa makubwa, yakitoa usaha au mtoto akipata homa, rudi hospitali.

Kinga ni nyepesi zaidi. Ndimu ikamuliwe kivulini. Anayekamua anawe kwa sabuni mpaka viwikoni kabla ya kumshika mtoto au kutoka nje. Mtoto akila embe au mihogo ya pilipili na ndimu ufukweni, afutwe na aoshwe mdomo na mikono papo hapo. Na ndimu isitiwe ngozini kuwa dawa, ya harara wala ya jicho, kisha mtu akatoka juani.

Deni

Jumapili iliyofuata tulifunga safari kwenda Ganze, mimi na mume wangu. Binti alitoka kutupokea, akanipa mkono. Juu ya vidole vyake, mpaka kwenye kifundo cha mkono, ngozi ilikuwa nyeusi tititi na mahali pengine inabambuka. Alikuwa nayo tangu usiku ule niliokuwa nikimfokea. Nilipomuuliza kwa nini hakunionyesha, alisema, "Nilidhani mtasema ndiyo ushahidi wenyewe."

Tulimwomba radhi mbele ya mamake na kumlipa haki yake. Alisema amesamehe. Nilimwomba arudi, akajibu kwa adabu, "Nimesamehe, mama, ila kurudi kule mtaani siwezi."

Nami simlaumu. Neno nililolitoa kinywani siku ya Jumanne lilizunguka mtaa kwa siku moja. Kulirudisha kumenichukua wiki, baraza kwa baraza, na bado wako waliosikia la kwanza wasisikie la pili. Kwa hao nasema hapa: yule binti hakumpiga mtoto wangu. Alimnyanyua asianguke kwenye maji ya moto, na mikono yake ikaungua pamoja naye.